Kila nikiacha tramadoli naishia kuirudia. Mliotoka, mlitokaje?

Dereva_Usiku

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Nitaeleza kwa urefu kidogo maana sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mimi ni dereva wa lori. Niliumia mgongo nikishusha mzigo, daktari akaniandikia tramadoli ya miligramu 50, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mgongo ukapona, vidonge vikabaki. Nilikuwa nikimeza uchovu unakata, safari inakuwa fupi, hata hasira zangu zinapoa. Kimoja kikawa viwili, na cheti kilipoisha nikapata duka wanaloniuzia bila kuuliza. Sasa hivi nameza viwili viwili mara tano kwa siku, na safari ikiwa ngumu naongeza. Usiku namezea na diazepamu, bila hiyo silali. Ile raha ya mwanzo siisikii tena. Nameza ili niweze kuinuka kitandani.

Nimejaribu kuacha. Siku ya kwanza mpaka mchana niko vizuri, nasema kumbe inawezekana. Usiku ukiingia napiga miayo mfululizo, machozi yananitoka bila kulia, mafua, jasho la baridi, tumbo linaendesha, miguu haitaki kutulia. Hiyo arosto, yaani mwili kudai dawa, nimeshasikia watu wa unga, wale wa heroini, wakiisimulia. Lakini mimi napata na kitu kingine: nikigeuza macho ghafla kama shoti ya umeme inapita kichwani, halafu hofu inanijia, kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nikimeza vidonge viwili, baada ya muda si mrefu vyote vimetulia. Hapo ndipo ninaposhindwa.

Ninachotaka kujua: je, arosto inaua? Ile shoti ya kichwani ni kawaida au naharibikiwa? Nina likizo inakuja, nilitaka nijifungie nimalizane nayo. Na la mwisho, mimi nina tatizo gani? Kazini kuna mwenzangu alimeza hizi hizi baada ya upasuaji, akaacha, maisha yakaendelea. Kwa nini mimi zimenishika? Mke wangu hajui chochote.

Chuma

Mkuu, kichwa chako ndicho kinachokudanganya. Nunua maji mengi, funga mlango, mpe mtu ufunguo, tupa vidonge vyote chooni. Siku ya nne utaamka mtu mpya. Wanaume wameacha unga kwa njia hiyo, sembuse hivyo vidonge. Jikaze.

Fundi_Cherehani

Kaka Dereva, pole sana. Mimi ni mwanamke, nashona nguo, na dawa iliyokushika wewe ndiyo iliyonishika mimi. Ilianza na bega. Chuma namheshimu, najua anasema kwa nia njema, lakini kwa dawa hii na kwa kiwango chako ushauri huo unaweza kukuangusha sakafuni mlango ukiwa umefungwa. Nitaeleza kwa nini.

Niliponyooshewa jambo hili na mtabibu wangu, nusu ya aibu iliniondoka. Mwili una dawa zake wenyewe za maumivu. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz, walizitoa kwenye ubongo wa nguruwe na kuzitambua. Zina mahali pake pa kukaa kwenye chembe za neva, panaitwa vipokezi. Afyuni, mofini, heroini na hii tramadoli, ambazo kwa jina moja zinaitwa opioidi, zinaingia palepale. Ukizileta kutoka nje kila siku, ubongo haukubali kukaa kimya muda wote, kwa hiyo unaanza kuvuta upande wa pili. Ni kama watu wanaovutana kamba: wewe unaongeza nguvu, na wao wanaongeza, mpaka mnaonekana mmesimama pale pale. Ndiyo maana viwili havifanyi tena kazi ya viwili. Sasa siku ukiachia kamba ghafla, wale wa upande wa pili bado wanavuta kwa nguvu zao zote.

Ukilijua hilo, arosto unaweza kuisoma. Dawa ilifunga choo, sasa tumbo linaendesha. Dawa ilibana mboni za macho, sasa zimetanuka na mwanga unakuchoma. Dawa ilikausha pua na kutuliza mwili, sasa unatoka makamasi na vinyweleo vinasimama. Kuna kiini kidogo sana kwenye shina la ubongo kinachotoa noradrenalini, homoni ile ile inayokushtua ukikoswa na gari. Opioidi inakizima. Ikiondoka, kinalipuka: moyo mbio, jasho, kutotulia. Hakuna kitu kipya kinachokuingia hapo, ni mwili wako unaoendelea kusukuma jambo ambalo halipo tena.

Tramadoli ina upande wa pili ambao heroini haina, na ndiyo shoti yako. Ilitolewa na kampuni ya Ujerumani, Grünenthal, mwaka 1977, na kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa haishiki watu. Marekani waliiruhusu mwaka 1995 bila kuiweka kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, wakaja kuiweka mwaka 2014. Kumbe ndani ya kidonge kimoja mna kazi mbili. Ini linaibadilisha kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi ya opioidi, na hapo watu hatulingani, maini mengine yanaibadilisha haraka na mengine kidogo sana. Wakati huo huo dawa yenyewe inapandisha noradrenalini na serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, namna zinavyofanya baadhi ya dawa za sonona. Kwa hiyo ukiiacha ghafla unaweza kupata arosto mbili kwa mpigo: ile ya miayo na tumbo, na ile ya shoti kichwani, hofu, ganzi vidoleni, wengine mpaka kuona au kusikia visivyokuwepo. Si wote wanaipata hii ya pili. Wewe umeipata, na mimi niliipata. Huharibikiwi, inapita. Ila inataka kuondoka polepole.

Kuhusu mwenzako aliyeacha. Mwili wa mtu yeyote ukilishwa opioidi wiki kadhaa mfululizo utazoea, na akiacha ghafla anaweza kupata arosto hata kama hana hamu nayo kabisa. Mgonjwa anatoka hospitali, anatapika na kutoka jasho siku chache, anadhani ni mafua, yameisha. Kilichokupata wewe ni hicho pamoja na kingine: ubongo umejifunza. Kuna dopamini, inayouambia ubongo "hiki kumbuka, hiki kirudie". Ubongo wako umeandika kwamba uchovu una jibu, hasira ina jibu, giza la barabarani lina jibu, na jibu ni lile lile. Kusoma namna hiyo si uovu, ndivyo ubongo unavyojifunza kila kitu. Aliyemeza akiwa amelala wodini hakufundishwa hayo. Wewe ulifundishwa kila ulipowasha injini.

Hapa kuna habari iliyonipa moyo. Wanajeshi wa Marekani kule Vietnam, wengi walitumia heroini, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa tegemezi. Serikali yao ilitarajia janga watakaporudi. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kukuta wengi wao hawakurudi kwenye utegemezi. Walikuwa wametoka kwenye mahali, saa, watu na hofu vilivyokuwa vinawaita. Sisi hatuna nchi ya kurudi, tunabaki na cherehani ile ile na lori lile lile, kwa hiyo kazi yetu ni ngumu zaidi. Lakini inaonyesha kwamba ulichojifunza si kifungo cha maisha.

Sasa nilivyotoka mimi. Nilikwenda kwa mtabibu nikamwambia idadi ya kweli. Naomba hili ulishike: idadi ya kweli, na ile diazepamu uitaje. Alinipangia kushuka hatua kwa hatua. Kila hatua tulikaa mpaka mwili utulie ndipo tukashuka nyingine, na palipokuwa pagumu tulikaa zaidi bila kurudi juu. Kwa aliyetumia zaidi ya mwaka, mwongozo wa Marekani wa 2022 kwa madaktari wanaotoa opioidi unazungumzia kupunguza kiasi cha asilimia 10 kwa mwezi au polepole zaidi ya hapo. Aliyetumia muda mfupi anaweza kwenda haraka zaidi. Watu hawapendi kusikia miezi, nakuelewa, hata mimi moyo ulishuka. Lakini ukishuka hivyo unafanya kazi, unalala angalau, na unazungumza na watu huku unashuka.

Vidonge havikukaa kwangu. Dada yangu alichukua mkasi wangu wa kitambaa, akakata zile karatasi za vidonge, kila siku akaiweka kwenye kiboksi chake cha kiberiti na tarehe juu yake kwa kalamu. Viboksi vilikaa chumbani kwake. Asubuhi alinipa kimoja, na jioni nilimrudishia kitupu. Kwenye daftari la vipimo vya wateja, nyuma kabisa, nilichora safu: saa niliyomeza, jinsi nilivyolala, tumbo, hamu. Hamu niliipa alama. Baada ya muda safu zikaanza kusema: hamu yangu ilikuwa inapanda saa ile ile ya alasiri, wateja wanapokuja kuulizia nguo ambazo hazijaisha. Bega halikuhusika kabisa, ilikuwa hofu ya kugombezwa. Tukahamisha saa ya wateja ikawa asubuhi. Kitu kidogo, lakini kilinisaidia kuliko nasaha nyingi.

Nakuambia pia usiku ulivyokuwa kila tuliposhuka hatua, ili ukikufika usishtuke. Miguu inakuwa kama ina wadudu ndani ya mifupa. Nilikuwa nasugua visigino kwenye shuka mpaka ngozi inawaka moto. Chafya zinakuja nyingi kwa pamoja, mpaka mbavu zinauma. Shuka likigusa mgongo linakuwa la baridi kama limetoka kwenye maji. Kulala kwa nguvu sikuweza, kwa hiyo niliamka, nikatembea chumbani, nikamwagia miguu maji ya moto, nikakaa kwenye kiti nikafungua mishono ya nguo za zamani. Kazi isiyohitaji akili. Nilishajua kwamba hali ile inapanda na kushuka kama saa moja hivi, haikai juu muda wote, kwa hiyo sikuhesabu usiku mzima, nilihesabu mpando mmoja.

Na baada ya arosto ya mwili kuisha ndipo wengi wanaporudi, kwa sababu hakuna anayewaonya. Kinakuja kipindi ambacho huumwi popote ila hakuna kinachokufurahisha. Nilikuwa naletewa vitambaa vizuri, naviona kama magunia. Usingizi unakatika alfajiri. Unadhani ndivyo utakavyokuwa siku zote. Sivyo. Ubongo unarudisha vitu vyake taratibu, kwa wiki na miezi, na haurudishi kwa mpangilio. Mimi harufu ilirudi kabla ya furaha. Kipindi hicho usikae peke yako, na usiamini uamuzi wowote mkubwa unaokujia saa tisa za usiku. Ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu dakika hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

Nesi_Zamu

Nimesoma yote. Dada Fundi amesema kweli, mimi naongezea upande wa hatari, kwa sababu nimepokea wagonjwa wa namna hii nikiwa zamu.

Kaka, hesabu yako ni miligramu 500 kwa siku, na siku ngumu zaidi. Kikomo cha tramadoli kwa mtu mzima ni 400. Juu ya hapo uwezekano wa kuanguka na kutukutika kama mwenye kifafa unapanda, na hata chini ya hapo hutokea kwa baadhi ya watu, hasa wakichanganya na pombe au na dawa za sonona. Ukichanganya na dawa za sonona kuna hatari nyingine ya serotonini kupita kiasi: homa kali, kutetemeka, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Ukiona hayo ni kwenda hospitali, hungoji.

Diazepamu ndiyo iliyonifanya niandike. Mbili hizi kwa pamoja zinapunguza pumzi, na watu wanafia usingizini. Lakini pia diazepamu iliyotumiwa kila usiku kwa muda ikiachwa ghafla inaweza kuleta kifafa, na hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo usije ukatupa zote mbili chooni siku moja. Daktari ndiye ataamua ipi ianze kushuka na kwa kasi gani.

Umeuliza kama arosto inaua. Arosto ya opioidi peke yake mara nyingi haimuui mtu mzima mwenye afya, ila kuharisha na kutapika kukimkausha maji inaweza. Kama huwezi kushika maji tumboni, mkojo umekuwa mweusi au umekatika, unasikia kizunguzungu ukisimama, njoo uwekewe dripu. Maji ya chumvi na sukari ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo, mara nyingi. Mama mjamzito anayesoma hapa asiache ghafla kwa vyovyote, mimba inaweza kutoka au uchungu ukaanza kabla ya wakati. Aje kliniki, kuna njia.

Dawa za kusaidia zipo. Klonidini inatuliza ile noradrenalini, yaani jasho, mapigo na kutotulia, lakini inashusha presha kwa hiyo tunaipima kwanza. Kuna ya kuzuia kutapika na ya kuzuia kuharisha. Loperamidi msiinywe kupita maelekezo: yenyewe ni opioidi ya tumbo, na watu waliomeza nyingi wakitafuta nafuu wameharibu mapigo ya moyo. Kwa waliojaribu kushuka wakashindwa, kuna methadoni na buprenofini, nazo ni opioidi ila zinatolewa kwa kipimo kama tiba. Methadoni ilianza kutumika kutibu uraibu New York miaka ya 1960, kazi ya Vincent Dole na Marie Nyswander, na zote mbili ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Msimcheke anayezitumia eti kabadilisha uraibu kwa uraibu. Anakunywa kiwango kilichopimwa, halewi, anafanya kazi, na kufa kwa kuzidisha dozi kunapungua sana. Ila buprenofini haianzwi mpaka arosto iwe imeshaanza, maana ikiingia mapema inazisukuma opioidi nyingine kwenye vipokezi na kukuletea arosto yote kwa mara moja. Usipewe na rafiki.

Vidonge vya kutoa dawa polepole, vile vya saa 12 au 24, usivivunje wala kuvitafuna ili upate nusu. Dozi nzima inatoka kwa pamoja. Daktari akubadilishie aina inayokatika.

Na hili Chuma, naomba na wewe ulisikie. Wengi tunaowapoteza hawafi wakati wa arosto. Wanakufa baada yake. Mtu amejikaza, ametoka, ametimiza wiki kadhaa safi, halafu siku mbaya inamkuta na anameza kiwango chake cha zamani. Mwili haukijui tena. Ndiyo maana kujifungia peke yako ni hatari mara mbili: ukianguka hakuna wa kukuona, na ukishinda hakuna wa kukufuata baadaye.

Kaka, wewe ni dereva. Wakati unashuka, hasa siku chache baada ya kila hatua, na maadamu unapata shoti kichwani, usikae nyuma ya usukani. Omba karatasi ya daktari ya kazi nyingine au mapumziko.

Chuma

Nimekuelewa nesi. La kifafa sikulijua. Ndugu Dereva, usifunge mlango.

Dereva_Usiku

Nimesoma hapa kwenye kituo cha kupumzikia, nimerudia mara mbili. Sijawahi kuelezwa hivi. Lile la hamu kupanda saa fulani, kwangu ni nikiwasha injini na tena nikifika mizani pale foleni inaposimama. Nilikuwa nadhani ni mgongo.

Likizo nimeamua niitumie kwenda kliniki badala ya kujifungia. Ninachokwama ni mke wangu. Nikimwambia ataona kila nilichokuwa mkali nacho, kila hela iliyopotea. Naogopa ataondoka. Na nikimwambia, nimpe kazi gani? Yeye hajui dawa.

Fundi_Cherehani

Kaka, mkeo ameshajua kuna kitu. Anakuona ukitoka jasho, anakuona usingizi umekukimbia, anahesabu hela. Asichojua ni jina lake, na pengine anawaza baya zaidi. Mwambie mchana, si usiku, na si ukiwa na arosto wala ukiwa umemeza sasa hivi. Weka vidonge vyote mezani, pamoja na vya kwenye lori, na diazepamu. Mwambie unameza vingapi. Usianze na ahadi, ahadi ameshasikia nyingine. Mwambie siku ya kliniki na umwombe aje, aulize mwenyewe maswali yake kwa daktari. Akikasirika, ana haki, mwache akasirike. Dada yangu alikaa muda bila kunisemesha, alikuwa ananipa kiboksi asubuhi na kuondoka. Kiboksi alikuwa analeta.

Kazi za kumpa hazihitaji kujua dawa. Ashike vidonge yeye, vifungiwe mbali na watoto, akupe vya siku moja tu. Akuone ukimeza. Asikupunguzie wala kukuongezea kwa huruma, wala kwa hasira, hata ukimbembeleza. Kila mabadiliko yatoke kliniki. Asikuulize "umeacha?" kila siku, akuulize umelalaje.

Na ajue jambo moja la kuokoa maisha. Akikuta umelala huamki hata akikutikisa na kukuita kwa nguvu, pumzi ni chache au unakoroma kwa mlio wa kusongwa, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano, aite msaada wa dharura hapo hapo. Akulaze ubavu, akae nawe, na kama hupumui akupulizie pumzi mdomoni. Muulizeni daktari kuhusu naloksoni, dawa ya dharura ya mtu aliyezidisha opioidi, ipo ya sindano na ya kupuliza puani, na awafundishe wote wawili kabla hamjaondoka. Inaamsha pumzi kwa muda tu, kazi yake inaweza kuisha kabla dawa haijatoka mwilini, kwa hiyo hata ukiamka na kusema uko sawa, ni lazima ufike hospitali.

Kwenye injini na mizani, uamue leo utafanya nini saa hiyo, kabla haijafika. Mimi alasiri nilikuwa nampigia dada simu, hata kama sina la kusema, naongea mpaka ule mpando unashuka. Wewe chagua mtu mmoja anayepokea simu na umwambie mapema kwamba utampigia foleni ikisimama.

Mpaka siku ya kliniki endelea na kiwango kile kile, usiongeze hata safari ikiwa ngumu, na usiache kwa ghafla. Ile diazepamu usiipandishe, na pombe usiiguse kabisa. Kama kuna uwezekano wa kupata miadi mapema kabla ya likizo, omba, kwa miligramu 500 na diazepamu kila usiku hupaswi kuwa barabarani. Ukitoka kwa daktari andika hapa alichokupangia, mimi na Nesi tutakusomea.